Siku mdogo wangu alipolima kitalu changu cha maua ya porini

Hii ilitokea 2022 na mpaka leo nikipita nyuma ya nyumba naliona lile jembe vile lilivyoegemezwa ukutani, limeoshwa, linang'aa.

Nilikuwa na kitalu cha mita 2 kwa 3 na nilitaka maua ya porini tu, sio yale unayoyaleta nyumbani yakiwa yameshachanua kwenye chungu, nilitaka niyaone toka mbegu. Mwaka wa kwanza niliharibu mwenyewe. Nilimwaga samadi na mboji nikijua mmea ni mmea, kumbe maua mengi ya porini yamezoea udongo mkavu usio na rutuba, ukiweka chakula kingi wanaofaidi ni nyasi, na kweli nyasi zilinifika magotini na maua yakawa ya kuhesabu.

Kwahiyo mara ya pili nikajipanga. Ule udongo wa juu wenye mboji niliuchota wote nikauhamisha, uliobaki nikaulainisha kwa reki, alafu sikupanda kitu. Nikakaa wiki 3 nangoja magugu yaote, yakaota vizuri tu, nikayakwangua juu juu siku ya jua kali bila kugeuza udongo maana ukigeuza unapandisha mbegu nyingine za magugu zilizokuwa chini. Hii hatua watu wanaipita haraka wakati kwangu mimi ndio yenye uzito kuliko zote.

Mbegu zilikuwa mchanganyiko, kosmosi, gailadia, popi, ekinasia na lupini. Ekinasia nilizifunga kwenye mchanga wenye unyevu zikakaa kwenye friji wiki 6, kwao ni sehemu za baridi na baridi ikishapita ndio zinaamka. Lupini zina ganda gumu kama kokoto, nilizisugua kwenye msasa moja moja nikaziloweka usiku kucha, asubuhi nyingi zilikuwa zimevimba, zile chache zilizogoma kuvimba nikazidondoshea kwenye kona ya kitalu bila matumaini yoyote. Popi ni vumbi, mtu akipumua karibu zinaruka, hizo unachanganya na mchanga mkavu ndio unarusha, na mchanga unakusaidia kuona wapi umepita wapi hujapita. Hufukii, zinataka mwanga. Nililaza ubao nikasimama juu yake, nikausogeza, nikasimama tena, hivyo hivyo mpaka kitalu kizima kikakandamizika mbegu zikashikana na udongo.

Wiki ya 5 kilikuwa kijani chote. Nilikuwa nachuchumaa pale kila asubuhi kabla sijafanya lolote, nikawa naijua miche kwa sura, kosmosi vijani kama nyuzi, gailadia vina manyoya. Lakini kwa mtu ambaye hakuchuchumaa na mimi ile ilikuwa majani tu, na hapo ndipo kosa langu lilipo, sikuweka hata kijiti kimoja cha kuonyesha kwamba hapa pamepandwa, wala sikumwambia mtu.

Nikasafiri siku 4. Mdogo wangu alikuwa anakaa na mimi kipindi kile, hana kazi miezi mingi, na najua ilikuwa inamuuma kukaa bila kufanya kitu maana alikuwa anaamka kabla yangu anafagia, anatengeneza bomba, anatafuta cha kushika. Nilivyorudi jioni hata begi sijaweka chini akanishika mkono, "Dada njoo uone nimekufanyia nini."

Kitalu kilikuwa cheusi na safi, kimesawazishwa kwa reki, hamna jani. Pembeni pamelala rundo dogo limenyauka, na nikaziona zile nyuzi za kosmosi.

Nilimfokea. Nilimwambia kwani nani kakutuma, nikamwambia we huwezi kuona kitu ukakiacha, maneno makali kuliko kosa lenyewe, na yeye hakujibu, alitazama tu rundo lile kama analiona kwa mara ya kwanza alafu akaingia ndani. Usiku nilisikia bomba la nje, alikuwa analiosha jembe.

Siku zilizofuata tulikuwa tunapishana kwenye mlango. Kitalu nikakiacha, sikumwagilia, sikutaka hata kutazama upande ule. Mvua ikanyesha siku 3 mfululizo, ikakatika, na baada ya wiki mbili hivi nikatoka kuanua nguo nikaona udongo umebadilika rangi, kama umepakwa kitu cha kijani kilichofifia. Nikachuchumaa. Yalikuwa magugu ndio, lakini katikati yake kulikuwa na popi, vijani vyembamba vya kijani-bluu, nyingi kuliko zile za kwanza, hasa pale jembe lilipokuwa limepita.

Nilianza kutafuta sababu na nikaipata. Mbegu za porini haziamki zote siku moja, nyingine zinabaki zimelala, na popi ukiitikisa ardhi ikaona mwanga ndio inaamka, ndio maana utaikuta kwenye mashamba yaliyolimwa na kandokando ya barabara mpya. Nikasoma pia habari za profesa mmoja Marekani, William James Beal, 1879 alifukia chupa 20 zenye mbegu kule Michigan ili zifukuliwe kidogo kidogo kwa miaka mingi, na chupa iliyofukuliwa 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota, miaka 142, na waliifukua usiku gizani ili mwanga wa jua usizifikie mbegu kabla ya wakati. Hiyo ya kufukua gizani ilinikaa sana. Mdogo wangu alizifukulia mwanga bila kujua, na mimi nilikuwa nimemnyima hata salamu.

Nikaenda kumgongea mlango. Nikamwambia nilikukosea, siku ile ulinisaidia na mi nikakufokea, njoo kuna kitu kwenye kitalu. Akaja, ila akasimama mbali, mikono ameiweka nyuma.

"Chuchumaa," nikamwambia.

Akachuchumaa. Nikamwonyesha popi, nikamwonyesha gugu, nikamwambia ling'oe hili. Hakuling'oa. Akaniuliza, "Una uhakika?" Ikabidi nirudie mara ya pili ndio akalishika kwa vidole viwili taratibu, akalivuta, akaninyooshea mzizi niukague. Tukaendelea hivyo mpaka jua linazama, yeye ananyoosha kidole, "hii?", mi najibu, na alipokosea popi moja tukaiacha imelala pale pale, popi ukishaing'oa hairudishiki, mzizi wake mrefu hautaki kuguswa.

Asubuhi nimetoka nikamkuta ameshachomeka vijiti pande zote nne na amezungusha kamba, yuko kwenye ile kona amepiga magoti. Ananiita kwa sauti ya chini. Kulikuwa na mche mmoja, majani yamefunguka kama vidole vya mkono na katikati kumetuama tone la umande, mviringo kabisa.

"Na hii dada? Sijaigusa."

Lupini, nikamwambia. Ni zile zilizogoma kuvimba.