Mchicha ukae freshi kwenye joto hili la Dar

Jamani joto la Dar halina huruma, fungu la mchicha umelinunua Mabibo asubuhi limechangamka, jioni limeshalala. Mimi nikifika tu home nafungua kamba, natoa majani ya njano na yaliyoanza kuteleza maana moja likioza linaozesha yote, halafu SIOSHI, nakung'uta mchanga, nazungushia kitambaa kikavu naweka chini kabisa kwenye friji. Unyevu ndo adui. Kuosha ni pale unapotaka kupika, na uoshe kabla hujakatakata, ukikata kwanza vitamini C inatoka na maji tunaimwaga hivihivi, hiyo inaniuma sana.

Nyanya ambazo hazijaiva ziache nje, friji inaziua ladha. Ndizi mbivu weka mbali na mboga, zinatoa gesi ya ethilini inayofanya majani yawahi kuwa ya njano.

Ila kwangu mkombozi ni kisamvu: kikishatwangwa chemsha mpaka kiive kabisaa, kipoe, gawa kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja, tupia friza. Siku foleni ya Mbagala imekumaliza unatia tui la nazi tu, chipsi hata huzikumbuki.