Oili chafu msinitajie tena: mbwa wa Pasua alivyoota manyoya

Nimechoka na ushauri wa oili chafu. Ukionekana Moshi hii na mbwa mwenye upele, kila anayepita getini ni daktari: "Mpake oili ya gari, siku tatu tu." Mangi wa duka la kona alifika mpaka kunitolea kidumu bure. Oili ile inaunguza ngozi iliyokwisha chubuka, na mbwa hujilamba, kwa hiyo unachompaka mgongoni jioni kiko tumboni.

Chui (jina la matumaini, siku ile hakuwa na unyoya wa kubeba hata doa moja) alitoka kwenye ua mmoja mtaa wa Pasua, hapa Moshi. Wapangaji walihama wakamwacha chini ya mpera, waya shingoni. Kilo 9, kwa umbo linalotakiwa kubeba 16 au 17. Kumpima ni rahisi: unapanda mzani peke yako, unapanda tena umembeba, unatoa.

Mbwa aliyekaa na njaa muda mrefu usimpe sinia la ugali siku ya kwanza, hata akikuangalia vipi. Mwili uliozoea kukosa ukipata chakula kingi ghafla, madini ya damu yanashuka na moyo unaweza kusimama. Nusu kikombe cha chai cha wali uliolainishwa kwa supu ya kuku isiyo na chumvi wala kitunguu, mara tano au sita kwa siku. Siku ya nne nikaanza kuongeza kidogo kidogo. Baada ya wiki mbili ndipo akaingia kwenye ugali wa dona na dagaa wa soko la Mbuyuni, walioloekwa na kuoshwa maji matatu mpaka mchanga uishe, na kijiko cha mafuta juu. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Inapasuka kama vijiti na kuchoma utumbo.

Sasa niseme nilipoharibu. Nilinunua amitrazi ya asilimia 12.5, ile ya kuogeshea ng'ombe. Kwa mbwa ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, yaani 20 kwenye ndoo ya lita kumi. Mimi nikamimina tu, nikakoroga, nikamwogesha kichwa hadi mkia, nikajisifu. Baada ya saa moja Chui anayumba kama katoka kilabuni kunywa mbege, macho nusu, masikio ya baridi, mapigo ya moyo unayahesabu huku unapiga mwayo. Nikamwosha upya kwa sabuni ya kipande na maji ya uvuguvugu, nikamfunga blanketi, tukapakiana kwenye bodaboda.

"Ulipima kwa nini?" daktari wa mifugo akauliza.

"Kwa jicho, daktari."

"Basi una jicho kubwa."

Dawa ile ikizidi inalaza mbwa na kupunguza kasi ya moyo, na aliyekonda anaumia zaidi. Aliamka kesho yake. Daktari akakwangua ngozi ya kiwiko kwa kisu, akaitazama kwenye darubini, akaona wadudu wenyewe, wale wanaochimba chini ya ngozi. Tukahamia sindano ya ivermektini. Ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwenye kila mililita, na kipimo chake ni mililita 1 kwa kilo 50. Piga hesabu: kilo 9 ni mililita 0.18. Alitumia bomba la insulini (la uniti 100 kwa mililita), akavuta mpaka alama ya 18. Anayevuta mililita nzima "kwa sababu ni kidogo tu" amempa mbwa wake zaidi ya mara tano. Na mbwa mwenye damu ya Collie (aina ya mbwa wa kuchunga kondoo) asiguswe na dawa hii kiholela, inaweza kumuua. Ikarudiwa kila baada ya siku 14, jumla mara tatu, maana haiui mayai. Gunia la kulalia nililichoma moto kila alipodungwa sindano. Wadudu hao hata binadamu wanamwashia mikono.

Fizi zake zilikuwa nyeupe na masikio yamejaa kupe, kwa hiyo akaandikiwa doksisaiklini, antibiotiki ya ugonjwa unaoletwa na kupe, miligramu 100 kwa siku, siku 28. Kumeza? Alitema siku mbili mfululizo. Siku ya tatu nikakata maini vipande vitatu: cha kwanza kitupu, cha pili chenye dawa, cha tatu nimekishika mkononi anakiona. Anameza cha pili upesi ili awahi cha tatu. Hajawahi kugundua mpaka leo. Halafu apate chakula na maji, dawa ile ikikwama kooni inachoma. Maziwa usimpe nayo, yanaipunguza nguvu.

Ukanda wa shingo ulinipa tabu kuliko upele, kwa ajili ya ule waya. Ukiunyanyua, anajikojolea. Basi nikaulegeza mpaka mwisho, nikaulaza juu ya bakuli, chakula chini yake. Kula ni lazima apitishe kichwa. Siku tisa alikula hivyo, ya kumi nikaukaza tundu moja huku anatafuna. Hata hakuinua macho.

Dawa ya minyoo alipata mara mbili. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye ofisi ya mifugo, na kadi yake nimeihifadhi, inarudiwa kila mwaka. Mbwa usiyejua alikotoka akikuuma kabla ya hapo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali, usisubiri uone. Gharama sikuandika, ila kwa ujumla haikufika bei ya mbuzi.

Mwezi wa nne tangu nimchukue alipima kilo 16 na nusu, manyoya ya kahawia, mkia juu. Mangi aliuliza nilitumia oili ya gari gani. Fagio tu ndilo bado: akiliona anaingia uvunguni mwa gari. Nafagia akiwa amelala.