Kumlaza mtoto usiku wa kuamkia Idi

Sijui usiku mwingine katika mwaka ulio mgumu kwa mzazi mwenye mtoto mdogo kama usiku wa kuamkia Idi, na ugumu huo hautokani na ukaidi wa mtoto. Mtoto wa miaka minne amesikia mwezi mzima kwamba sikukuu inakuja. Ameziona nguo mpya zikiletwa, amewasikia wakubwa wakihesabu siku, na jioni hiyo anaikuta nyumba nzima imo mbioni: bibi anakaanga visheti, dada zake wanapakana hina, simu hazinyamazi, na kila anayeingia anauliza kama mwezi umeandama. Kumwambia mtoto huyo alale, kisha kukasirika kwa kuwa hakupata lepe la usingizi, ni kumtaka afanye kwa amri jambo ambalo hata sisi wakubwa hatuliwezi. Usingizi wa usiku huo hutayarishwa tangu mchana, na kwa kweli tangu siku kadhaa kabla.

Ramadhani yenyewe huwa imeshazisogeza saa za watoto wetu hapa Unguja. Futari huliwa magharibi, wakubwa huenda tarawehe, watoto hucheza barazani mpaka usiku, na wengine hugutuka tena wakati wa daku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto wa miaka mitatu au minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Mtoto anayelala saa 4 usiku na kuamshwa saa 12 alfajiri ili aogeshwe na kuvalishwa kwa ajili ya swala ya Idi hupata saa nane tu, na siku ya sikukuu yenyewe ni ndefu na yenye joto. Kwa sababu hiyo, katika kumi la mwisho mimi huanza kumrudisha mwanangu kitandani mapema kidogo kidogo, robo saa leo na robo saa keshokutwa, ili usiku mkubwa usimkute mwili wake umezoea kukesha. Usingizi wa mchana siufuti, maana mtoto aliyechoka kupita kiasi hupandwa na wazimu wa uchovu, akakimbia na kucheka bila sababu kisha akalia bila sababu. Ninachofanya ni kuhakikisha ameamka kabla ya alasiri.

Jambo la hina linahitaji kusemwa peke yake. Katika nyumba nyingi watoto wa kike hupakwa usiku, baada ya wakubwa kumaliza shughuli za jikoni, na hapo mtoto hutakiwa akae ameitandaza mikono huku hina mbichi ikimbana vidole, asijikune, asishike shuka, asiguse chandarua. Hakuna mtoto anayeweza kulala katika hali hiyo. Mwanangu hupakwa asubuhi au mapema mchana, hina ikakauka na kukwanguliwa kwa mafuta ya nazi kabla ya jua kuzama, na jioni anabaki na kazi moja tu, ya kuinusa mikono yake na kuionyesha kwa kila apitaye.

Halafu kuna mwezi wenyewe. Jioni ya tarehe 29 unatafutwa, na usipoonekana tunakamilisha 30, kwa hiyo mtoto anaweza kuamshwa na furaha usiku wa kwanza, akaambiwa si kesho, kisha furaha ile ile ikamrudia usiku wa pili. Tangazo la Mufti nalo huweza kutoka saa ambayo mtoto mdogo alipaswa kuwa amelala zamani. Mimi simweki macho kulisubiri. Humwambia kwamba kuutazama mwezi ni kazi ya wakubwa, na kwamba nitakuwa wa kwanza kumpa habari atakapofumbua macho, iwe ni Idi au bado tunafunga. Na ahadi hiyo huitimiza kwa maneno yale yale niliyotumia usiku, kwa kuwa mtoto akishaamini kwamba hatapitwa na kitu akiwa amelala, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Kwa upande wa mwili, adui mkubwa ni mwanga. Giza linapoingia ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuarifu mwili kwamba ni usiku, na mwanga mkali huichelewesha, zaidi kwa watoto wadogo ambao macho yao hupitisha mwanga mwingi kuliko yetu. Katika visiwa hivi jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima, kwa hiyo giza tunalo la kutosha, ila sisi wenyewe tunalifukuza kwa taa nyeupe za sebuleni, televisheni na simu. Baada ya isha chumba cha mtoto kibaki na mwanga hafifu, na simu isiingie humo kabisa. Maji ya uvuguvugu saa moja hivi kabla ya kulala husaidia pia: damu huja juu ya ngozi, joto la ndani hutoka, na mwili unapopoa usingizi huja kwa urahisi. Idi ya miaka hii imeangukia Machi na Aprili, wakati wa joto zito lenye unyevu, kwa hiyo nguo ya kulalia iwe nyepesi ya pamba na feni isimpige usoni.

Watu wengi huzilaumu halua na kashata, lakini tafiti zilizojumlishwa katika jarida moja la tiba la Marekani mwaka 1995 hazikuona sukari ikibadilisha tabia ya watoto. Chai ya rangi na kola ndizo za kuepukwa jioni, kwa kuwa zina kafeini.

Yote hayo hayatoshi ikiwa furaha ya mtoto haikupewa mahali pa kwenda. Tunapomaliza kuoga, tunazipanga nguo za kesho pamoja juu ya kiti: gauni, kilemba chake kidogo cha kufungia nywele, pochi ya kutilia pesa za sikukuu. Viatu ndivyo vilivyokuwa na mvutano, kwa sababu alitaka kulala navyo miguuni; tuliafikiana viwekwe kando ya mto, ndani ya chandarua, na aliufungua mkanda wake na kuufunga tena mara nyingi kabla ya kuviachilia. Kisha namweleza siku ya kesho kwa mpangilio, tangu kuamka, kuoga, kwenda kuwapa mkono babu na bibi, mpaka jioni viwanjani, na kila swali analouliza linajibiwa bila haraka. Maswali yanapoanza kujirudia najua yamekwisha, na hapo nasema, mwanangu, sasa tumemaliza kuongea, tunalala.

Vitisho nimevikataa kabisa nyumbani kwangu. Kumwambia mtoto kwamba asipolala hatavaa nguo mpya, au kwamba zimwi liko dirishani, ni kumwongezea moyo kudunda katika saa ambayo tunautaka utulie, na ni kuitia hofu furaha aliyoingoja mwezi mzima. Badala yake najilaza ubavuni pake, nampapasa mgongo taratibu, napumua pole pole mpaka pumzi yake ifuate yangu. Hadithi nampa, lakini "paukwa" yangu naisema kwa sauti ya chini ili "pakawa" yake nayo ije chini, na nachagua hadithi inayojirudia, ya sungura anayepita kwa mnyama mmoja baada ya mwingine akisalimia, isiyo na fumbo la kumfanya aulize kilichotokea baadaye.

Sikukuu kwetu ni siku nne, na viwanja hujaa watoto kila jioni. Mimi hupendelea kumpeleka mapema, mara baada ya alasiri, turudi kabla ya isha, na usiku wa pili na wa tatu tunafuata utaratibu ule ule wa maji, nguo kitini na hadithi.