Mwembe wangu ulipoanza kukauka upande mmoja

Mwembe wa nyuma ya nyumba ulianza kubadilika upande wa ukutani. Majani ya nchani yaligeuka kahawia, yakajikunja, lakini hayakudondoka. Hilo la kutodondoka ndilo lililonishtua. Jani likizeeka, mti wenyewe hulikata kwenye kikonyo na kuliachia. Tawi likifa ghafla, kazi hiyo haifanyiki, na majani makavu hubaki yananing'inia. Ndiyo maana majani yaliyotapakaa chini hayanitishi, hasa kwa miti inayopukutisha kila kiangazi.

Nikachagua kitawi chembamba, nikakikwangua gome kwa ukucha. Chini ya gome pakiwa na ukijani na unyevu, kitawi ki hai; pakiwa pakavu na rangi ya kahawia, kimekufa. Kitawi kimoja hakitoshi kuuhukumu mti, kwa hiyo nilirudi nyuma kidogo kidogo, kutoka nchani hadi kwenye matawi manene, kisha shinani, sasa kwa ncha ya kisu na mkwaruzo mdogo sana. Upande wa ukutani ukavu ulikuwa umefika katikati ya matawi makubwa. Shina lilikuwa kijani pande zote.

Tukiona mti unakauka hutazama juu, lakini naamini jibu mara nyingi liko chini. Nilifagia majani na udongo kwenye kitako cha shina, nikatafuta gome linalobanduka, vitundu vinavyotoa unga wa mbao, na uyoga mgumu uliojibandika shinani au kwenye mizizi. Uyoga huo ukishatokeza nje, kuvu wake wamekuwa wakila ndani muda mrefu. Nilitazama pia kama udongo umeinuka au kupasuka upande mmoja huku mti ukianza kuinamia upande wa pili. Dalili hiyo haina subira: watu wakae mbali, aitwe fundi wa kukata miti.

Sikukuta lolote kati ya hayo. Nilichokuta ni alama ya mtaro wa bomba uliopita kati ya ukuta na shina, uliochimbwa na kufukiwa misimu kadhaa nyuma. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, na husambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Mtaro mfupi tu waweza kuunyima mti maji ya upande mzima. Na mti hauonyeshi maumivu siku hiyo hiyo. Huishi kwa akiba yake, matawi yakaja kukauka wakati mtaro umeshasahaulika.

Jirani alishauri niukate wote kwa sababu shina lina tundu la zamani lenye uwazi ndani. Sikukubali. Mbao ya katikati ya shina haiishi hata kwenye mti mzima; uhai uko kwenye tabaka jembamba chini ya gome. Uwazi unahusu kama mti utahimili kusimama, nalo nililipima kwa kugonga shina kuzunguka: mlio mtupu ulisikika karibu na tundu tu.

Nikakata matawi makavu, nikiacha uvimbe wa pale tawi linapoungana na shina, kwa sababu hapo ndipo kidonda huanza kufungwa. Vidonda sikuvipaka rangi. Nilimwagilia polepole, maji mengi, chini ya ncha za matawi, nikaweka matandazo bila kuyagusisha na shina. Mbolea niliiacha, maana ingesukuma majani mengi kuliko mizizi iliyobaki inavyoweza kuyanywesha.

Machipukizi yalipotokea kwenye shina, nyumbani walifurahi. Mimi nilisubiri, kwani hata mti ulioelemewa huchipua hivyo. Niliyoyataka ni majani mapya nchani, juu kabisa, nayo yamekuja upande usiokauka. Upande wa ukutani ukavu haujasogea. Bado nakwangua mpakani kila msimu. Ukavu ukifika shinani na kuanza kulizunguka, nitaukata mti.