Kiganja Ukutani

Juni 2013, saa saba mchana, umeme ulikatika Al Hamra, mji wa Oman ulio chini ya milima ya Hajar. Nilikuwa mgeni wa rafiki yangu wa chuo, katika nyumba yao mpya ya saruji. Kiyoyozi kiliponyamaza, nusu saa haikupita sebule ikawa tanuri. Bibi yake, mzaliwa wa Zanzibar, akajitanda mtandio, akabeba birika la kahawa. "Inuka mwanangu, twende mji wa kale."

Tulipoingia kichochoro cha kwanza, jasho lilinipoa shingoni. Ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta za pande zote mbili, nazo zinapanda ghorofa mbili, tatu, zikitiliana kivuli. Nyumba nyingi ni tupu siku hizi.

"Weka kiganja ukutani," bibi akasema.

Ulikuwa udongo mtupu, wa baridi. Pale mlangoni niliupima unene wake kwa mkono: dhiraa moja na shubiri. Joto la mchana huhangaika saa nyingi kuupenya ukuta wa namna ile. Likifika ndani, usiku umeingia na wenye nyumba, bibi alisema, walikuwa wameshapanda juu ya paa kulala. Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo. Mezani kwangu Dodoma nilikuwa nimeacha mchoro wa ofisi yenye kioo kitupu upande wa magharibi, na pale mlangoni niliuonea haya.

Tukashuka hadi kwenye falaji, mfereji unaoleta maji kwa mteremko tu, bila pampu. Juu huchotwa ya kunywa, chini yake watu hutawadha na kuoga, kisha maji huishia mitendeni. Zamani zamu za kumwagilia zilihesabiwa kwa kivuli cha jua, na usiku kwa nyota. (Mwaka 2006 UNESCO iliingiza falaji tano za Oman katika Urithi wa Dunia, na zilistahili.)

Bibi akanimiminia kahawa. "Na kwenu Dodoma mwajenga vipi?"

Nikamweleza tembe la babu yangu: kuta za miti na udongo, paa la bapa la udongo, ndani kiza na ubaridi. Nikamwambia pia kwamba tulilibomoa mimi na baba, tukajenga nyumba ya bati, na siku ile tulichinja mbuzi kwa furaha.

Akanyamaza kidogo. "Na ule udongo mliupeleka wapi?"

"Tulifukia mashimo ya njiani, bibi."