Paa la Behewa la Mizigo: Nilivyolifanya Lisivuje

Mtu akisikia neno paa, akili yake inakwenda kwenye nyumba. Nyumba imekaa pale pale, msingi wake haukati kona, na bati likishapigiliwa vizuri linaweza kukaa miaka bila mtu kuligusa. Behewa la mizigo halina raha hiyo. Linavutwa, linasukumwa, linagongana na wenzake treni inapopangwa. Likianza kuingia kwenye kona, pale reli ya nje inapopandishwa juu ya ile ya ndani, bogi la mbele, yaani fremu ya magurudumu iliyo chini ya behewa, linalala upande wakati la nyuma bado liko sawa. Mwili mzima unasokotwa. Nilipopewa kazi ya kubuni paa jipya la chuma kwa mabehewa yaliyofungwa, yale ya kubebea saruji, mbolea na nafaka, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuushughulikia huo msokoto. Mvua ilikuja baadaye.

Malalamiko yenyewe yalikuwa ya siku zote: mzigo unafika umelowa. Mapaa ya zamani yalikuwa yamezibwa kwa lami, silikoni na viraka vya kila aina, na bado yanavuja. Kabla ya kuchora mstari wowote niliomba behewa moja bovu liwekwe pembeni mwa karakana. Kutafuta matundu hakuhitaji kifaa. Unaingia ndani mchana wa jua kali, unafungiwa milango, unatulia mpaka macho yazoee giza. Penye tundu utaona nukta ya mwanga. Nilizizungushia chaki zote. Chache zilikuwa katikati ya bati, palipoliwa na kutu. Zilizobaki zilijipanga kwenye maungio, na wingi wake ulikuwa juu ya milango.

Ila nukta hizo zinakuonyesha behewa likiwa limetulia, na behewa lililotulia halifanyi kazi. Kwa hiyo nilipanda juu na kuchora mistari ya chaki ikikatiza kila ungio, kisha tukaweka jeki chini ya pembe moja ya fremu na kuinyanyua taratibu, magogo yakifuata chini yake kwa usalama. Fundi mkuu alikuwa kwenye ngazi.

"Injinia, hebu panda huku uone."

Mistari ilikuwa imekatika. Nusu huku, nusu kule, na karibu na milango nusu hizo zilipishana kwa upana wa ukucha. Kwenye ncha za behewa zilikuwa bado zimeungana. Tulipoishusha pembe, mistari ikarudi karibu ilipokuwa. Hapo utaelewa kwa nini silikoni haikai: inavumilia kuvutwa kidogo, lakini mabati mawili yakiteleza hivyo kila kona, safari nzima, mwisho inaachia upande mmoja na maji yanapata njia. Aliyekuwa anaziba kila baada ya miezi michache alikuwa anafanya kazi nzuri mahali pasipowezekana.

Chukua boksi la viatu bila kifuniko ulisokote kwa mikono: linakubali bila ubishi. Lifunike, gandisha kifuniko kwa gundi pande zote, kisha jaribu tena. Behewa ni hivyo hivyo. Paa likifungwa sawasawa kwenye kuta, sanduku linakuwa limefungika, na ukakamavu wake dhidi ya msokoto unapanda mara nyingi sana bila kuongeza chuma popote. Mlango ndio unaoharibu hesabu, maana ni tundu kubwa katikati ya ukuta, na nguvu ambazo zingepita ukutani zinalazimika kupanda na kuzunguka juu yake. Ndiyo maana nukta nyingi zilikuwa pale, na ndiyo maana nyufa za mapaa ya chuma hupenda kuanzia pembe za juu za mlango.

Kuna njia mbili za kukabiliana na hali hii, na zote zimewahi kutumika. Ya kwanza ni kuliacha paa lielee. Marekani, enzi za mabehewa ya mbao, mabati ya paa yalishikwa kwenye maungio ya kukunja yaliyoruhusu kuteleza, kwa sababu mwili wa mbao usingeacha kucheza hata ungefanya nini. Ya pili ni kulipatia paa kazi ya kubeba nguvu. Miili ilipokuwa ya chuma, wakaja na paneli nzima nzima zilizokandamizwa kwenye mashine na kufungwa kwa ribiti, zile pini za chuma zinazopondwa ncha, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 zikatokea paneli zenye mbavu za mshazari, yaani matuta marefu yaliyokandamizwa kwenye bamba. Nilichagua hii ya pili. Mwili wetu ni wa chuma, na paa linaloelea juu ya mwili mkakamavu ni kubeba uzito wa bure.

Mshazari una sababu yake. Paneli ya mstatili ikisukumwa upande, mshazari mmoja unarefuka na mwingine unafupika. Ule unaofupika ndio unaojikunja, na bamba jembamba likishajikunja halisaidii tena. Ubavu uliokandamizwa kufuata mshazari huo unalizuia. Kwa kuwa behewa linasokotwa kushoto na kulia, mbavu za paneli moja zinaelekea huku na za jirani zinaelekea kule. Nilizikatisha kabla ya kufika ukingoni, ili kingo zibaki bila matuta na zikabidhiane nguvu vizuri.

Unene ulizua ubishi karakanani. Wazee walitaka milimita 2, "lisibonyee". Mimi nilitaka 1.5. Bamba la milimita 1.5 lina uzito wa karibu kilo 11.8 kwa mita ya mraba, la milimita 2 ni kilo 15.7, na kwa paa la mita 14 kwa 3 tofauti inafika kilo 165 hivi, zikiwa juu kabisa, mahali pabaya kwa chombo kinachoyumba. Tena kila kilo ya paa ni kilo isiyobebwa ya mzigo. Ukiongeza unene wa bamba bapa mara mbili, ukakamavu wake dhidi ya kupinda unapanda mara nane na uzito mara mbili. Ubavu wenye kimo cha sentimita chache unakupa zaidi ya hapo, na uzito hauongezeki kwa kitu cha kuhesabu. Tulikandamiza paneli moja ya majaribio, tukaiegemeza kwenye kingo, na fundi mkuu akapanda mwenyewe na buti zake. Haikubonyea. Ubishi ukaishia hapo.

Maungio ndiyo yaliyoninyima usingizi, na kama kuna sehemu ya mchoro ninayojivunia ni hiyo. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba pasiwe na tundu la bolti wala ribiti mahali maji yanapopita. Kingo za paneli mbili zinazokutana zimekunjwa kwenda juu, kwa hiyo ungio lenyewe ni mgongo ulioinuka, na bondeni ni chuma kizima. Juu ya mgongo linakaa kofia la bati lenye umbo la U lililopinduliwa, na ribiti zinaingia kutoka pembeni mwa mgongo, juu ya kimo ambacho maji yanaweza kufika hata mvua ikinyesha kwa hasira. Hata gundi ya kuzibia ikichakaa, maji yanahitaji kupanda mlima kabla ya kuingia.

Na yanaweza kupanda, jambo ambalo wengi hawalitegemei. Mabamba mawili yakibanana sana, uwazi mwembamba kati yake hunyonya maji kwenda juu, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Kubana zaidi hakusaidii. Kinachosaidia ni kuukata huo uwazi: ndani ya kofia niliweka mkunjo mdogo unaoacha nafasi ya milimita kadhaa kati ya kofia na mgongo. Maji yakifika hapo yanakosa pa kushikia, yanashuka yalikotoka. Fundi wa kwanza aliyeona nafasi hiyo aliijaza gundi akidhani ni kasoro ya kiwandani. Sasa mchoro una maelezo: sehemu hii iachwe wazi.

Kuchomelea nilikuacha karibu kote. Bamba jembamba likichomelewa mstari mrefu linajikunja kama linavyotaka, na zinki iliyopakwa inaungua palepale ulipohitaji kinga. Moshi wake nao unampa mchomeleaji homa. Tulichomelea pembe za juu ya mlango tu, penye bamba nene la kuimarisha, kwa vipande vifupi vinavyorukana, kisha tukapaka rangi ya zinki.

Joto lilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Chuma hutanuka takriban milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Paa la mita 14 lililopigwa na jua likawa na nyuzi 30 zaidi ya fremu, linataka kuizidi kwa milimita 5 hivi. Ungekuwa na bamba moja refu lililo bapa, lingevimba katikati au kukata ribiti za mwisho. Paneli zangu zina mbinuko kidogo, kwa hiyo kila moja inajitutumua juu kwa kiasi chake na haimsukumi jirani. Aluminiamu nilifikiria kuitumia, ni nyepesi mno, ila inatanuka karibu mara mbili ya chuma na ikigusana na chuma penye unyevu ndiyo inayoliwa. Sikuendelea nayo.

Kisha likaja la jasho. Behewa la kwanza lenye paa jipya lilirudi na taarifa kwamba magunia yamelowa juu, na katika safari hiyo mvua haikunyesha. Niliingia ndani alfajiri. Upande wa chini wa paa ulikuwa umejaa matone, na magunia yalikuwa na madoa yaliyonyooka kwa mistari, chini kabisa ya kila ubavu. Usiku paa linapoteza joto kuelekea anga na kuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Nafaka inapumua unyevu, mvuke unapanda, unagusa bati baridi, unakuwa maji. Matone yanateremka kufuata mteremko mpaka yakute sehemu iliyoshuka zaidi, ndipo yanadondoka. Kwa hiyo tulizigeuza mbavu ziinuke kwa nje, upande wa ndani ukawa hauna pa kudondoshea, na maji yakateremka mpaka ukutani kwenye kijifereji chenye matundu ya kutokea chini. Tukaongeza matundu ya hewa kwenye ncha mbili, yenye vifuniko vya kuzuia mvua ya upepo, na rangi ya juu ikawa nyeupe ili mchana paa na hewa ya ndani visipande joto sana. Unyevu wa nafaka yenyewe hauondoki kwa paa. Nafaka mbichi ikipakiwa itatoa maji hata ungejenga kasri, na hilo nililiandika kwenye ripoti kwa lugha ya adabu zaidi.

Kuhusu watu juu ya paa: zamani walikuwa sehemu ya kazi. Marekani wafunga breki walitembea juu ya treni ikienda, wakizungusha magurudumu ya breki behewa baada ya behewa, hadi sheria ya mwaka 1893 ilipolazimisha breki za hewa. Mbao na vyuma vya kutembelea juu ya mapaa viliendelea muda mrefu baada ya hapo, na ilipofika 1966 ndipo mabehewa mapya yaliyofungwa yakaanza kutengenezwa bila vitu hivyo. Sisi hatukuviweka, wala ngazi ya kufika juu. Lakini mkaguzi atapanda, na asiyeruhusiwa atapanda pia, kwa hiyo nilihesabu watu wawili wa kilo 100 wakisimama pamoja popote, hata katikati ya paneli. Bonyeo moja linatosha kutengeneza dimbwi, na dimbwi ndilo shule ya kutu.

Jaribio la mwisho lilikuwa lile lile la mwanzo, safari hii kwa maji. Jeki kwenye pembe moja, mpira wa maji juu, magazeti makavu yametandikwa sakafu nzima. Tunanyanyua, tunashusha, tunahamia pembe nyingine, maji hayakatwi. Gazeti linasema ukweli kuliko jicho, maana tone moja linaacha duara lisilofichika. Tulipata maduara mahali pamoja tu, chini ya kofia la juu ya mlango wa kushoto, ambapo ribiti moja ilikuwa imeingia mshazari. Ikatolewa, ikapigwa upya.

Mabehewa yanayofuata yana matundu ya kupakilia juu, yenye vifuniko vya kufunguka. Kila kifuniko ni tundu jingine kwenye sanduku, na kinafunguliwa na mtu mwenye haraka na nondo mkononi. Mchoro wake uko mezani, na kwa sasa bado nabishana na bawaba.