Ile masi inayopotea kwenye kiini cha atomu
Hii kitu huwa inanishangaza kila nikiifikiria. Chukua protoni 2 na nyutroni 2, zile chembe zinazounda kiini, zipime moja moja, halafu pima kiini cha heliamu chenye hizohizo 4, utakuta kiini ni chepesi kwa kama asilimia 0.75, yani masi imeshatoka kama nishati, MeV 28.3 hivi (MeV ni kipimo cha nishati ya vitu vidogo kama viini), na ukitaka kukivunja lazima uirudishe yote! Ndo maana urani-238 ikioza, yani kiini chake kikivunjika chenyewe, inatema fungu hilohilo la heliamu, limeshikana kweli kweli, inabaki thoriamu-234 na MeV kama 4.27 zinatoka. Karibu zote anaondoka nazo alfa, yani hilo fungu la heliamu, kwa sababu ni mwepesi, thoriamu inasukumwa nyuma kidogo tu, kama bunduki ikifyatua risasi.